Loki Unayoweza Kuifungua: Kuchagua Difu ya Pikapu ya Tope na Theluji

(Mhadhara kwa madereva na mafundi, Arusha)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi.

Hiki mnachokiona juu ya meza ni difu ya nyuma ya pikapu, yaani gia zinazogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili. Nimeipasua ubavu ili muone tumbo lake. Kijana uliyekaa mbele, njoo unisaidie. Shika hafu-shafti ya kulia, hiki chuma kinachokwenda kwenye tairi, ikaze isizunguke. Mimi nazungusha propela shafti, hiki kinacholeta nguvu kutoka kwenye injini, kwa mkono, polepole. Mnaona? Ya kulia imetulia, ya kushoto inakimbia mara mbili ya mwendo wake. Haya, achia. Sasa zinakwenda sawasawa.

Hiyo ndiyo kazi ya difu, na ni kazi njema. Pikapu ya kawaida ina kama mita moja na nusu kutoka tairi la kushoto hadi la kulia. Ukizunguka nayo duara moja kamili, kubwa au dogo, tairi la nje linatembea mita 9 na ushee zaidi ya la ndani. Hizo mita 9 lazima zipatikane mahali. Bila difu, tairi moja litaburuzwa kwenye lami, litalika, na hafu-shafti itajikunja hadi ichoke. Fundi saa mmoja wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alilitatua jambo hili mwaka 1827 kwa ajili ya gari la mvuke, na vigia hivi vidogo vya katikati bado vinafanya kazi kwa wazo lilelile.

Sasa tuingie topeni.

Gereji nyingi nimesikia fundi akisema: "Difu inapeleka nguvu yote kwenye tairi linaloteleza." Si kweli, na kosa hilo linawafanya watu wanunue vitu wasivyovihitaji. Difu ya kawaida inagawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa, siku zote. Shida ni kwamba tairi lililo kwenye ute halikubali kupokea nguvu. Tuseme linapokea 100 tu, kisha linateleza. Difu ni mgawaji mwadilifu, itampa mwenzake 100 hizo hizo, hata kama mwenzake amesimama juu ya mwamba na angeweza kubeba 1,500. Jumla unapata 200, na gari lenye shehena ya mahindi halitoki kwa 200. Ukifunga loki, yaani kifaa cha kuifunga difu isigawe, zile hafu-shafti mbili zinakuwa kama fimbo moja. La topeni litachukua 100 yake, la mwambani litachukua kiasi chochote linachoweza kubeba, na gari linapanda.

(Swali kutoka kwa dereva mmoja: "Fundi, si nikiweka fowili inatosha?")

Ahsante. Fowili, yaani kuendesha kwa matairi yote manne, ya Land Cruiser 70 au ya Hilux inaunganisha propela ya mbele na ya nyuma. Ndani ya kila ekseli bado kuna difu ya kawaida. Kwa hiyo tairi moja la mbele likikosa mshiko na moja la nyuma likikosa, yale mengine mawili yanakaa yanatazama. Nenda kapite kwenye korongo kwa mshazari, mbele kulia pananyanyuka, nyuma kushoto pananyanyuka. Fowili imewaka, taa iko kwenye dashibodi, na gari limesimama.

Sasa aina za vifaa vya kuisaidia difu.

Ya kwanza ni ile yenye visahani vinavyosuguana, wanayoiita LSD, yaani difu inayopunguza kuteleza. Haifungi, inabana tu. Kwa tope jepesi na theluji ya inchi chache inasaidia, lakini visahani vinalika, na inataka oili yenye dawa yake maalumu. Ukimwagia oili ya kawaida utasikia inapiga kelele na kutetemeka kwenye kona. Pikapu nyingi za mtumba zinafika hapa visahani vimekwisha, na mwenye gari anajisifu ana LSD. Ipo dada yake ya gia za nyuzi, Torsen na nyingine za aina hiyo. Hiyo haina visahani vya kulika, na kwenye barabara yenye barafu ni tulivu sana. Udhaifu wake ni mmoja: inazidisha kile ambacho tairi dhaifu limeshika. Tairi likining'inia hewani limeshika sifuri, na sifuri mara nne ni sifuri. Hapo kanyaga breki kidogo huku unatia mafuta, lile lililo hewani lipate mzigo wa kupigana nao, utaona lenzake linaamka.

Kisha kuna magari mapya ambayo kompyuta inaibana kwa breki lile tairi linalozunguka bure. Kwenye theluji ni msaada mkubwa. Kwenye tope zito inachelewa, kwa sababu lazima tairi lizunguke kwanza ndipo kompyuta ijue, na kwenye udongo wetu mzunguko ule mmoja tu umeshakuchimbia shimo. Halafu breki zinachemka.

Ya tatu ndiyo ninayotaka tuikalie: loki inayojifunga yenyewe.

Nilifanya kazi ya ufundi miaka sita Kanada, mkoa wa Alberta. Kule majira ya baridi yanaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na kila shamba lina pikapu. Zile za General Motors nyingi zina loki ya kampuni ya Eaton ya kujifunga, fundi akisoma namba G80 kwenye karatasi ya gari anajua ipo. Hiyo ina akili kidogo: inangoja tairi moja lipishane na jingine kwa kama mizunguko 100 kwa dakika, ndipo inafunga, na ukishapita kama kilomita 32 kwa saa haifungi. Lakini ziko nyingine za kuweka mwenyewe, ambazo kawaida yake ni kuwa zimefunga, na zinafungua pale tu kona inapozilazimisha. Ukitia mafuta kwenye kona, zinarudi kufunga.

Asubuhi moja nilikuwa nalijaribu gari la mteja lenye loki ya namna hiyo. Barabara ya mashambani, theluji imekandamizwa hadi imekuwa kioo, kona ndogo ya kushoto. Sikuwa na mwendo. Nilitia mafuta kiasi cha kuliweka gari sawa tu, nikasikia nyuma "kwak," kama mtu amepiga bodi kwa nyundo. Ekseli nzima ikafunga, matairi yote mawili ya nyuma yakakosa mshiko kwa pamoja, na mkia wa gari ukaanza kunipita ubavuni. Tuliishia kwenye mtaro, mimi na gari, pua imetazama tulikotoka.

Nataka mlielewe jambo hili kabisa, kwa sababu lina maisha ya watu ndani yake. Tairi linalozunguka bure halishiki mbele, na halishiki ubavuni pia. Difu ya kawaida inapoteleza, tairi moja linazunguka na jingine limetulia. Lile lililotulia halikusukumi, lakini limekuwa nanga, linazuia mkia usiende pembeni. Ukifunga, umeing'oa nanga. Juu ya barafu, au juu ya barabara yenye mgongo na ute, gari lililofungwa linaporomoka kuelekea kule ardhi inakoinamia.

Nilirudi nyumbani nikijua hayo, na bado niliyasahau usiku mmoja. Aprili, mbuga za Simanjiro, udongo ule mweusi mnaouita blakikotoni. Mnaujua. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unavimba na kuwa kama sabuni iliyolowekwa. Nilikuwa nimembeba mama mjamzito, uchungu umeanza tangu mchana, mkwe wake anamshika nyuma. Tukafika mahali njia imeinama upande wa kushoto, bonde liko chini. Gari likaanza kuzama, nikafunga loki ya nyuma. Likasogea mbele mita tano, nikashukuru. Halafu mkia ukaanza kushuka taratibu, bila kelele, hadi tairi la nyuma likaingia mtaroni na gari likalala ubavu. Hakuna aliyeumia. Yule mama tulimtoa kwa trekta la jirani alfajiri, akajifungua salama. Lakini yale masaa niliyokaa namsikia akiugua gizani, huku najua kidole changu ndicho kilichobonyeza kile kitufe, sijayasahau.

Ingenipasa nifungue loki kabla ya ule mteremko wa ubavu, nishuke, nikate ukingo wa juu kwa jembe, nipite matairi mawili yakiwa kwenye mfereji wa juu. Nilikuwa na jembe. Nusu saa ya kulima.

Ndiyo maana nikiulizwa loki gani, jibu langu ni moja: chukua ile unayoifunga na kuifungua wewe mwenyewe. Kwa umeme kama zinazotoka kiwandani kwenye Land Cruiser na Hilux, au kwa upepo kama ile ya ARB ya Australia. Ikifunguliwa, gari ni la kawaida kabisa, kwenye lami na kwenye barafu. Ikifungwa, imefunga asilimia mia. Ya upepo inataka kompresa na mipira midogo ya hewa iliyopitishwa vizuri, mbali na ekzosi na mbali na mawe, na kwenye nchi za baridi ukungu wa maji ndani ya mpira unaweza kuganda, kwa hiyo inakaushwa kabla ya majira hayo. Ya umeme, adui yake ni soketi iliyoingia matope. Fungua, safisha, paka grisi, kila masika kabla hayajaanza.

Na uzoee kuitumia mahali pakavu. Ukibonyeza, taa inapepesa kwanza. Inapepesa kwa sababu meno hayajakutana. Sogeza gari nusu mita, chezesha usukani kidogo, taa ikitulia ndipo imefunga. Wengi wanaiona inapepesa, wanakanyaga mafuta mpaka chini, tairi linaruka kasi, halafu meno yanakutana ghafla. Hapo ndipo hafu-shafti inapokatika. Funga kabla hujazama, tairi zikiwa zinatambaa. Kwenye pikapu kadhaa ukifunga nyuma, ile kompyuta ya breki inajizima, soma kitabu cha gari lako ujue.

("Ya mbele je? Land Cruiser yangu inazo zote mbili.")

Una bahati. Kitufe chako cha kuzungusha kinakwenda nyuma kwanza, halafu mbele na nyuma pamoja. Wenye kiwanda hawakukupa ya mbele peke yake, na walifanya vyema. Ukifunga mbele usukani unakuwa mgumu, gari linataka kwenda moja kwa moja. Na viungo vya hafu-shafti za mbele ni vyembamba kuliko vya nyuma, ukikata usukani hadi mwisho huku umefunga na unatia mafuta, utavivunja. Itumie ukiwa umenyoosha. Mwenye fedha ya loki moja aweke nyuma, hasa pikapu inayobeba mzigo, maana uzito uko huko na mlimani unazidi kuhamia huko. Fedha ya loki ya pili ningempa winchi.

Na kabla ya loki ya kwanza, matairi. Nasema hivi na mimi nauza kazi ya kufunga loki. Blakikotoni ikishajaza kashata, yale matofali ya mpira usoni mwa tairi, tairi lolote linakuwa kipara, na loki itakuzungushia vipara viwili badala ya kimoja. Tairi la tope lina nafasi pana kati ya kashata ili udongo urushwe nje. Theluji inataka kinyume: vijikato vingi vyembamba na mpira unaobaki laini kwenye baridi, ndiyo ile alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Herufi M+S peke yake haithibitishi hivyo. Tairi la tope lenye kashata kubwa ngumu juu ya barafu ni hatari, nimeliona likishindwa pale ambapo gari dogo la mama wa sokoni lenye tairi za baridi linapita.

Kisha upepo. Pikapu isiyo na mzigo mzito, shusha hadi kama psi 20 ukiingia topeni, tairi linapanuka na kulala chini. Ukitoka, jaza kabla hujashika mwendo.

Wenye Land Cruiser 70 za kuanzia 2007, mmeshaona matairi ya nyuma hayafuati njia ya mbele? Ekseli ya mbele ni pana kuliko ya nyuma kwa zaidi ya sentimita 9. Kwenye tope la kina, ya nyuma inajichimbia mfereji wake mpya kila hatua. Kuna watu wanaweka vipande vya kusogeza rimu nje. Vinasaidia mstari, lakini vinaongeza mzigo kwenye beringi, na kama havijakazwa kwa spana ya kipimo, nati zitalegea. Mimi ningeanza na loki na upepo wa tairi kwanza nione.

("Na sisi tusio na loki kabisa, masika yameshaingia?")

Mnayo breki ya mkono. Tairi moja la nyuma likianza kuzunguka bure, vuta breki ya mkono meno mawili au matatu, tia mafuta taratibu. Unalipa lile tairi jepesi mzigo wa uongo, na lenzake linapata sehemu yake. Si loki, na usikae nayo muda mrefu, utachoma breki. Lakini imenitoa mara nyingi.

Twende nje. Kule nyuma ya uzio nimelimwagia maji shimo tangu saa kumi na mbili, na kuna pikapu mbili, moja ina loki na nyingine haina. Nataka kila mmoja wenu aifunge na kuifungua kwa mkono wake kabla hatujala.