Maji Ndani ya Kopo

Mabibi na mabwana, kabla sijaanza somo letu la kutengeneza vipodozi na sabuni nyumbani, naomba makopo haya matatu yapite mikononi mwenu. Yafungueni, yanuseni. La tatu msilipake.

La kwanza ni zeri: nta ya nyuki na mafuta ya zeituni, basi. Lina miezi minane. La pili ni sukari iliyokorogwa na mafuta ya nazi, ya kusugulia ngozi. La tatu ni losheni. Ina nta na mafuta yaleyale, ila humo nimeongeza utomvu wa mshubiri nilioukamua mwenyewe kwenye jani. Lina siku kumi na mbili tu. Mkilitazama vizuri mtaona vidoa vya kijivu kwenye ukingo wa mfuniko. Hiyo ni kuvu, na kuvu angalau ina adabu ya kujionyesha. Bakteria huweza kujaa kwenye kopo ambalo bado ni jeupe na linanukia vizuri.

Miaka michache iliyopita dada yangu alijifungua, nikampelekea kopo kama hilo la tatu kwa mapenzi yote, nikamwambia ampake mtoto, ni kitu cha asili, hakina kemikali. Wiki ya pili nilipomtembelea nililifungua nikakuta vidoa hivi hivi. Mtoto hakudhurika, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule sikulala, na tangu hapo kila ninapofundisha kazi hii naanza na swali moja: kuna maji ndani?

Viumbe vidogo vinavyoozesha vitu haviwezi kuongezeka pasipo maji. Mafuta matupu hayavipi pa kuanzia. Ndiyo maana zeri ile ya miezi minane bado ni nzima. Sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta, unapasha moto kwenye bakuli lililokalishwa juu ya sufuria ya maji mpaka nta iyeyuke, na nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kisha unamimina koponi. Ukitaka iwe laini, punguza nta. Ukiitaka ya midomo, izidishe kidogo. Kwa anayeanza leo, hapo ndipo pa kuanzia.

Mafuta nayo hayadumu milele. Hewa, joto na mwanga huyachachisha, yakaanza kutoa harufu ya rangi ya mafuta iliyokaa. Vitamini E hupunguza kasi hiyo. Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu kosa hili nalisikia kila mahali: vitamini E hulinda mafuta yasichache, haiui bakteria. Kumimina matone ya vitamini E kwenye losheni yenye maji ukadhani umeihifadhi ni sawa na kufunga dirisha na kuuacha mlango wazi.

Mtu ataniuliza, je, nikichemsha maji kwanza? Chemsha, ni vizuri. Lakini kuchemsha huua vilivyomo wakati ule tu. Kidole chako kinapoingia koponi kesho asubuhi kinapeleka wageni wapya. Losheni itakayokaa wiki na miezi inahitaji kihifadhi halisi, yaani kitu cha kuzuia bakteria na kuvu, kilichopimwa kwa mizani. Fenoksiethanoli, kwa mfano, kanuni za Umoja wa Ulaya zinairuhusu isizidi asilimia 1, yaani gramu moja katika gramu mia za losheni. Najua wengi mlikuja kwenye kazi hii kwa kuvikimbia vihifadhi. Nawaheshimu. Basi tengenezeni kidogo, cha kutumika siku tatu nne, kikae kwenye jokofu, kilichobaki kimwagwe. Njia hizo mbili nazikubali. Ya tatu, ya kuacha losheni isiyo na kinga kwenye rafu ya bafuni, siikubali hata kidogo.

Rudini kwenye kopo la pili. Sukari na mafuta, maji hayamo. Lakini linatumika wapi? Bafuni, kwa mkono uliolowa. Kila unapochota unaingiza matone, na baada ya muda kopo kavu limekuwa kopo la maji. Chota kwa kijiko kikavu, au tia kwenye kikombe kidogo kiasi cha kuoga mara moja.

Sasa sabuni, ambayo ndiyo iliyowaleta wengi wenu hapa. Nitakaa hapo kidogo.

Nimewahi kuulizwa mara nyingi nifundishe sabuni isiyo na kostiki soda, ile alkali kali inayounguza ngozi. Haipo. Sabuni ni kile kinachotokea mafuta yanapokutana na kitu kikali cha namna hiyo. Zamani watu walichuja maji ya majivu. Mwaka 1791 Nicolas Leblanc wa Ufaransa akapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kutengeneza soda (kaboneti ya sodiamu, inayoweza kugeuzwa kostiki) kutokana na chumvi ya kawaida. Na mwaka 1823 Mfaransa mwingine, Michel Eugène Chevreul, akachapisha utafiti wake ulioonyesha kwamba mafuta yameundwa kwa asidi za mafuta na gliserini. Kostiki huvunja muungano huo: asidi za mafuta zinakuwa sabuni, gliserini inabaki pembeni. Viwanda vingi huitenganisha gliserini na kuitumia kwingine. Yako wewe inabaki ndani ya mche, nayo huvuta unyevu. Vipande vile vinavyouzwa tayari kwa kuyeyushwa na kutiwa rangi pia vilipitia kostiki, ila mtu mwingine alikufanyia sehemu ile ngumu.

Kostiki ikipimwa sawasawa huisha yote kwenye kazi hiyo. Neno lenyewe ni kupimwa. Kila mafuta yana kiwango chake. Gramu moja ya mafuta ya nazi inahitaji takriban gramu 0.183 za kostiki. Ya zeituni, takriban 0.135. Tuchukue gramu 300 za nazi na 700 za zeituni. Nazi inataka 54.9, zeituni inataka 94.5, jumla 149.4. Kutoka hapo tunapunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki huru yailainishe ngozi, tunapata gramu 142. Maji, gramu 300 hivi zinatosha. Mnaona kwa nini vikombe na vijiko havifai? Kijiko cha mmoja kina mlima, cha mwingine kimesawazishwa. Nunua mizani kabla hujanunua mafuta ya kunukia.

Vaa miwani ya kinga, glavu na mikono mirefu, fungua madirisha, watoto na wanyama wawe mbali. Tia kostiki kwenye maji, usimwage maji juu ya kostiki kamwe, kwa sababu mchanganyiko unaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni. Hata ukifanya sawasawa joto laweza kupanda hadi karibu na nyuzi 90. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu au plastiki nzito inayovumilia joto. Alumini hapana: kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni, inayowaka. Ikikugusa ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka, tena kwa muda mrefu. Wengine husema umimine siki ili kuipoza; achana na habari hiyo.

Vyote vikishapoa kidogo, mimina maji ya kostiki kwenye mafuta na ukoroge mpaka uji utakaodondoshwa kutoka kwenye mwiko uache alama juu yake kabla haujazama. Hapo mimina kwenye fomu. Kesho yake au keshokutwa kata, kisha acha miche kwenye hewa wiki nne hadi sita. Wasio na subira huitumia mapema, ikayeyuka bafuni kama uji, wakasema sabuni ya nyumbani haifai.

Na maji je, si yamo ndani ya sabuni? Yamo, na mengi huondoka katika wiki hizo. Yanayobaki yako kwenye mazingira makali, pH ya 9 hadi 10 (pH ni kipimo cha asidi na alkali: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali), ambamo bakteria wengi hawastawi. Ndiyo maana mche mgumu hauhitaji kihifadhi.

Kipimo hichohicho kinanipeleka kwenye limau. Ngozi yenu ina pH ya karibu 5. Maji ya limau yako karibu na 2. Bikaboneti ya soda iko juu ya 8. Watu hupaka kimoja usiku, kingine asubuhi, wakiamini vinasafisha uso, kumbe vinauchosha pande zote mbili. Limau lina hatari ya ziada: maganda yake yana viambata ambavyo vikiwa kwenye ngozi na jua likapiga, vinaunguza na kuacha mabaka meusi ya wiki nyingi. Yapo kwenye ndimu pia. Ni asili tupu, na inaunguza.

Mafuta ya harufu yanayotolewa kwenye maua, majani na maganda nayo yapimwe. Kwa uso, asilimia 1 inatosha: mililita moja, kama matone 20, katika mililita 100 za mafuta ya kawaida. Watoto wachanga wasipakwe kabisa. Na kabla ya kumpa mtu yeyote, paka kidogo upande wa ndani wa mkono, ngoja saa 24 au 48 uone.

Makopo yamerudi? Asanteni. Hili la tatu nalimwaga baada ya hapa. Mezani kuna vibandiko na kalamu. Kabla hatujawasha jiko naomba kila mmoja aandike kwenye kopo lake tupu: tarehe ya leo, vitu vyote vitakavyoingia, na chini yake, kwa herufi kubwa, MAJI YAMO au MAJI HAYAMO.