Mnalipa kwenda kulala porini kuangalia majani? Haya, nawajibu

Habari zenu wadau. Leo naingia moja kwa moja, maana swali hili limenichosha. Kila ikija picha ya milima ya New Hampshire, huku Marekani, imewaka nyekundu na manjano, chini yake maoni ni yaleyale: "Hivi mnatoa hela kwenda kulala kwenye hema, muangalie majani yanayokufa?" Halafu inbox anakuja mtu kwa upole: "Dada, inagharimu kiasi gani? Mdogo wangu yuko Lowell, Massachusetts, anataka kwenda na wenzake."

Nawajibu wote wawili. Sijisifu, anayetaka kujisifu halali chini. Na nikitaja baridi na makaratasi msiniambie nalalamika. Mmeuliza bei, na bei si pesa peke yake.

Kwanza tuelewane neno. Vuli ya huku siyo vuli yetu ya mvua za Oktoba. Huku ni siku kupungua na usiku kupoa, na mti unafunga duka. Pale kikonyo kinaposhikana na tawi, mti unajenga utando wa seli kama kizibo. Klorofili, ile ya kijani, haitengenezwi tena, na iliyopo inavunjika. Manjano mnayoyaona yalikuwepo muda wote, yalifunikwa tu na kijani. Lakini wekundu wa mepo, ule mti unaotoa sharubati tamu, unatengenezwa upya msimu huohuo kutokana na sukari iliyonasa kwenye jani. Ndiyo maana mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofika barafu hutoa wekundu mkali, na wiki ya mawingu na joto hutoa rangi iliyopauka. Chukua jani la mepo ambalo sehemu yake ilifunikwa na jani jingine: mara nyingi palipopigwa na jua pamekolea wekundu, na kivuli kimebaki na umbo lake la manjano. Kama picha iliyochapwa.

Sasa tarehe. Kwenye Milima Meupe, White Mountains, rangi huanza juu na kaskazini mwishoni mwa Septemba, kisha inateremka. Barabara ya Kancamagus, Route 112 kutoka Lincoln hadi Conway, maili 34.5, kwa kawaida hukolea wiki ya kwanza ya Oktoba hadi karibu na ile Jumatatu ya pili ya mwezi, ambayo ni sikukuu. Wikiendi hiyo ya sikukuu msiende. Nasema hivi nikijua wengi ndiyo siku pekee mnayopewa kazini. Foleni inaanzia kwenye barabara kuu, maegesho yanajaa kabla ya saa tatu asubuhi, na vyumba vya hoteli hupita dola 200 kirahisi. Mkiweza kuombana zamu mwende Jumatatu hadi Jumatano ya wiki iliyotangulia, mmeshamaliza nusu ya matatizo.

Kambi. Kando ya Kancamagus kuna kambi kadhaa za msitu wa taifa: Hancock, Big Rock, Passaconaway, Jigger Johnson, Covered Bridge na Blackberry Crossing. Baadhi zinawekwa nafasi mapema kwenye tovuti ya serikali, Recreation.gov, nyingine ni za aliyewahi. Bei ya kiwanja iko kwenye dola 25 hadi 35 kwa usiku, mnagawana, na hapo hema linaipiga hoteli mbali. Lakini jueni mnachonunua: meza, duara la chuma la moto, choo cha shimo, na maji ambayo hufungwa baridi ikizidi. Bafu, ukiondoa Jigger Johnson, hakuna. Umeme hakuna. Mtandao wa simu karibu njia nzima hakuna. Kwa hiyo ramani, risiti ya kambi na namba za wenzenu pakueni mkiwa bado mjini. Beba pia noti ndogondogo, kwa sababu kambi nyingine mnalipa kwa bahasha: unaandika namba ya gari, unatumbukiza kwenye bomba la chuma, na bomba halirudishi chenji. Kwenye kambi za aliyewahi, wahini Alhamisi asubuhi, maana ukifika Ijumaa jioni unazunguka na gari gizani.

Ukiweka nafasi halafu ukaghairi, unakatwa dola 10. Ukighairi siku moja kabla, unakatwa hizo pamoja na pesa ya usiku wa kwanza. Na hapa niseme dukuduku langu, mnisamehe: mtu anayesema "nipo, nipo" kwenye grupu, halafu Alhamisi usiku anaandika "jamani nimepata shifti", huyo ndiye bei ya safari hii. Kiwanja hakipungui bei kwa sababu mmoja hayupo, gari halipungui, mafuta hayapungui. Mchango ukusanywe wote kabla nafasi haijawekwa, na anayejitoa anatafuta mtu wa kujaza nafasi yake. Harusi tunachangisha miezi sita kabla, hili linashindikana vipi?

Gari la kukodi: dereva akiwa chini ya miaka 25, kampuni nyingi zinaongeza ada ya kila siku, kwa hiyo aandikwe mkubwa. Ulizeni pia ada ya kifaa cha kulipia barabara, maana mara nyingine inatozwa kwa siku hata kama mlipita kwenye kizuizi mara moja. New Hampshire haina kodi ya mauzo ya jumla, kwa hiyo vifaa mnunue mkishavuka kutoka Massachusetts, ambako kuna asilimia 6.25 kwenye vitu kama hema. Ila msishangilie sana: milo ya mgahawani, vyumba na magari ya kukodi wanatoza asilimia 8.5. Maegesho ya msituni mengi yanataka dola 5 kwa siku, mnaweka karatasi kwenye dashibodi.

Makaratasi. Hili watu hawalisemi kwenye video nzuri nzuri. Milima hii iko ndani ya maili 100 za mpaka wa Kanada. Kwenye barabara kuu ya I-93 pale Woodstock, kusini kidogo ya Lincoln, Doria ya Mpaka (Border Patrol) imewahi kuweka vizuizi na kuuliza uraia wa abiria, kati ya 2017 na 2019. Mwenye kadi ya ukaazi aliyefikisha miaka 18, sheria inamtaka awe nayo mwilini muda wote, si picha kwenye simu. Wenye hadhi nyingine, muulizeni mwanasheria wenu kabla ya kupanda gari. Mimi si mwanasheria na sitaki mtu aseme alinisikia mimi.

Haya, usiku. Hapa ndipo watu wanaharibikiwa, na wengi wanadhani shida ni blanketi. Shida ni chini. Mwanzoni mwa Oktoba mabondeni usiku hukaribia sifuri, na wakati mwingine unashuka chini yake. Baridi ya Njombe ya Juni mnaijua, lakini Njombe mnalala juu ya kitanda. Ardhi inanyonya joto mgongoni, na begi la kulalia likishakandamizwa na uzito wako halizuii chochote upande ule. Godoro nene la kujaza upepo lililo tupu ndani ndilo baya zaidi, kwa sababu hewa yake inazunguka na kukupoza. Mkeka wa kulalia una namba ya R, inayopima unavyozuia joto lisipotee: kwa safari hii tafuta R 4 au zaidi. Namba hizi zinajumlishwa, kwa hiyo mkeka wa sponji wa R 2 chini na wa upepo wa R 3 juu wanakupa R 5. Kama hela ni ya kitu kimoja tu, nunua mkeka kabla ya begi. Huo ni msimamo wangu, wengine watabisha.

Begi lenyewe, geuza lebo usome. Kuna namba mbili kubwa za nyuzi joto, "comfort" (unalala vizuri) na "limit" (mwisho wa kuvumilia). Namba inayoandikwa kwa wino mkubwa kwenye kasha mara nyingi ni ile ya pili, na ile ni ya mtu aliyejikunja akivumilia. Soma ya kwanza. Iwe karibu nyuzi 5 chini ya sifuri, halafu usilivae begi kichwani mpaka ukapumulia ndani, kwa sababu pumzi inalilowesha.

Pumzi hiyohiyo ndiyo inayofanya muamke mmelowa na mkadhani hema linavuja. Mmefunga kila zipu ili joto libaki, unyevu wa watu watatu umepanda, umegusa kitambaa cha baridi, umegeuka maji au hata barafu ya unga inayowadondokea usoni alfajiri. Acheni matundu ya juu wazi, hata kama roho inakataa. Na turubai la chini lisizidi ukingo wa hema. Likichomoza hata kidogo, linakinga mvua na kuipeleka chini yenu.

Jiko la mkaa ndani ya hema, hapana. Hata makaa "yaliyobaki kidogo". Hata jiko la gesi la kupasha mikono. Gesi ya kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, na nyumbani tumeshazika watu kwa hili. Mnataka joto, chemsheni maji nje, jazeni chupa ngumu yenye kifuniko cha uhakika, ivisheni soksi, iende miguuni. Nguo ya kulalia iwe kavu na isiwe ya pamba, kwani pamba ikilowa jasho inakaa na ubaridi usiku kucha. Na mkojo ukikubana saa tisa za usiku toka tu, kujizuia hakukuongezei joto.

Asubuhi gesi inagoma. Mnatikisa mtungi, unasikika una kitu, moto unakuja kama wa mshumaa. Ukiushika utaona ukungu mweupe umeugandia. Gesi ya butani haigeuki mvuke chini ya nusu nyuzi chini ya sifuri, kwa hiyo imekaa tu humo kama maji. Nunua mtungi wenye mchanganyiko wa isobutani na propani, na robo saa kabla ya kupika uweke ndani ya koti. Kuupasha kwa moto wa kuni, usithubutu.

Kuni msizitoe nyumbani wala jimbo jingine. New Hampshire inakataza kuni za kutoka nje ambazo hazikupashwa joto na kuthibitishwa, kwa sababu wadudu wanaoua miti husafiri ndani ya magome. Nunueni karibu na kambi. Vyakula vyote, pamoja na dawa ya meno na mafuta ya kujipaka, vilale ndani ya gari lililofungwa vioo. Dubu weusi wa vuli wako kwenye kula tu, na kwao mafuta ya nazi ni chakula.

Jazeni tangi Lincoln au Conway, katikati hakuna kituo cha mafuta. Jioni endesheni polepole: moose ni mnyama mwenye miguu mirefu kiasi kwamba gari likimpiga linamkata miguu, na mwili unakuja kwenye kioo mlipo. Macho yake hayaakisi taa zenu vizuri kama ya paa mdogo, maana yako juu.

Mkipanda, jueni jua linazama saa kumi na mbili jioni na dakika chache, na bondeni giza linatangulia. Tochi ya kichwani kwa kila mtu, ya simu isihesabiwe. Majani yaliyolowa njiani yanateleza kama sabuni na yanaficha mawe na mizizi. Vaeni kitu cha rangi ya chungwa kali, ni msimu wa uwindaji. Msiseme milima hii ni mifupi kwa mtu aliyezoea kuuona Kilimanjaro. Mlima Washington una mita 1,917 tu, na kileleni pake 12 Aprili 1934 walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa. Mkiokolewa kwa uzembe wenu jimbo linaweza kuwadai gharama. Kadi ya Hike Safe ni dola 25 kwa mtu na 35 kwa familia, na inakukinga na hayo madai, isipokuwa ulijihatarisha ovyo kupita kiasi au kwa makusudi. Si bima ya hospitali.

Wasiotaka kupanda, simameni Sabbaday Falls, Rocky Gorge na daraja la mbao la Albany la 1858. Picha nzuri hupigwa jua likiwa nyuma ya majani, au kukiwa na mawingu mepesi baada ya mvua.

Na mkifika mkakuta juu pamebaki matawi, msirudi mmenuna. Teremkeni. Kila mita 300 mkishuka joto linapanda karibu nyuzi 2, na mabonde ya kusini huwa nyuma kwa wiki moja au zaidi. Mialoni ndiyo ya mwisho, inageuka kahawia wakati mepo wameshapukutika.

Mkirudi, hema litandazwe sebuleni siku hiyohiyo, hata kama mmechoka, hata kama mwenye nyumba anachungulia. Likikaa limelowa kwenye mfuko siku mbili tatu linaota ukungu, na harufu yake haitoki. Wa Lowell, mwambie mdogo wako aniandikie idadi yao na tarehe, nimwambie mkeka gani waazime.