Mashine Pepe Imehamia, Mtandao Haujafuata

Wenzangu, habari za asubuhi. Leo nina jambo moja. Mashine pepe, yaani kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya seva, imehamishwa ikiwa hai kutoka seva A kwenda seva B, programu ya usimamizi inasema kazi imefaulu, lakini watumiaji wanalalamika kwamba hawaipati. Ombi langu kubwa ni hili: msikimbilie kuizima na kuiwasha upya. Ikiwaka itarudi mtandaoni, kwa sababu mashine inayowaka hutuma pakiti zake yenyewe, na hapohapo ushahidi wote utafutika. Siku ikihamishwa tena, tatizo litarudi lilelile.

Badala yake tazameni saa. Muda ambao mawasiliano yamekatika unawaambia chanzo karibu kila mara.

Tuone kwanza kinachotokea. Kumbukumbu ya mashine hunakiliwa huku mashine ikiendelea na kazi. Mwishoni inasimamishwa kitambo kidogo, kisha inaendelea upande wa pili ikiwa na IP ileile (anwani ya mtandao) na MAC ileile (anwani ya kadi ya mtandao). Kwa hiyo, maadamu tuko ndani ya VLAN moja (mtandao uliotengwa ndani ya swichi), majedwali ya ARP ya kompyuta nyingine, yanayolinganisha IP na MAC, bado ni sahihi, na kuyafuta hakusaidii kitu. Kilichopitwa na wakati ni jedwali la MAC ndani ya swichi. Linaamini bado kwamba anwani ile iko kwenye poti ya seva A, linapeleka fremu (vifurushi vya data) huko, na huko hakuna wa kuzipokea.

Ndiyo maana haipavaiza, programu inayoendesha mashine pepe, hupiga mbiu kwa niaba ya mashine ili swichi ijue njia mpya. QEMU, mojawapo ya haipavaiza, hutuma fremu za RARP zinazobeba MAC ya mashine, aina 0x8035. Isipobadilishwa hutuma raundi 5, nafasi ya kwanza ikiwa milisekunde 50, kisha kila nafasi inaongezeka kwa milisekunde 100. Piga hesabu: mbiu yote imekwisha kabla ya sekunde moja kutimia. Chochote kinachoziba njia kwa muda mrefu kuliko huo kinaimeza mbiu nzima, na haitarudiwa.

Kuna mashine zinazoponea hapo zenyewe. Mashine inayotuma pakiti kila mara huifundisha swichi njia mpya kwa pakiti yake ya kwanza tu. Inayoumia ni ile kimya, inayosubiri kuulizwa ndipo ijibu. Mkiona mashine 10 zimehamishwa pamoja na 2 tu zimepotea, msihitimishe kwamba mtandao ni mzima. Angalieni kama hizo 2 ndizo kimya.

Sasa turudi kwenye saa. Ikiwa mawasiliano yamerudi baada ya sekunde kama 30, shukuni STP, itifaki ya kuzuia vitanzi vya mtandao, kwenye briji (swichi ya programu) ya seva B. Poti pepe ya mashine huundwa upya huko. STP ikiwa imewashwa na ucheleweshaji ukiwa sekunde 15, poti hiyo husikiliza sekunde 15, hujifunza 15 nyingine, ndipo ipitishe fremu. Mbiu imeshakwisha zamani. Kama briji ina njia moja tu ya kutokea nje, hakuna kitanzi cha kuogopa, basi izimeni: `ip link set br0 type bridge stp_state 0`.

Yakirudi baada ya dakika 5 hivi, hapo mbiu haikufika na swichi imesubiri kuisahau anwani yenyewe. Swichi nyingi huanza na sekunde 300. Hapa ndipo pa kukaa na kuchunguza. Washeni `tcpdump -eni eno1 ether proto 0x8035` kwenye kadi halisi ya seva B, na nyingine kwenye poti pepe, kisha hamisheni mashine ya majaribio. Fremu ikionekana kwenye poti pepe lakini haionekani kwenye kadi, imezuiwa ndani ya seva: ni briji au ukutamoto wake. Ikionekana kwenye kadi na jedwali la swichi halikubadilika, kagueni vichujio vya swichi. Kuna mtego mwingine: mashine inayoweka lebo za VLAN yenyewe kwa ndani. RARP ya haipavaiza hutoka bila lebo, kwa hiyo haigusi jedwali la VLAN ile. Dawa ni kadi ya virtio-net yenye uwezo wa kuiomba mashine ijitangaze yenyewe.

Mkishakusanya ushahidi, ingieni kwenye konsoli na mpige `ping -c 1` kwenda lango la mtandao. Kila kitu kikipona papo hapo, jedwali la MAC ndilo lililokuwa na kosa.

Mawasiliano yasiporudi kabisa, sababu ni nyingine. Kama mashine inaongea na jirani aliye seva B ileile lakini hailifikii lango, VLAN hiyo haijaruhusiwa kwenye tranki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi) ya seva B. Amri `bridge vlan show` na usanidi wa swichi vitaonyesha. Kama mashine zote za seva B zimekatika kwa pamoja, tazameni ulinzi wa poti. MAC iliyofungwa kwenye poti ya A ikitokea kwenye poti ya B huhesabiwa uvunjaji, na kwenye swichi za Cisco hatua ya kawaida ni kuifunga poti nzima.

Miunganisho ya zamani imekufa ila mipya inashika? Ukutamoto wa seva A ulikuwa na kumbukumbu ya miunganisho ambayo haikuhamishwa. Ping ndogo inapita lakini SSH inaganda? Ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti unaoruhusiwa njiani: jaribuni `ping -M do -s 1472`, au 8972 kama mnatumia 9000. Kwenye VXLAN (inayofungasha fremu ndani ya pakiti nyingine) juu ya IPv4 kumbukeni baiti 50 za ziada, mtandao wa chini uwe na angalau 1550.

Na wenye EVPN, njia ya vifaa kuambizana MAC ziko wapi, msihamishe mashine huku na huko mfululizo mkijaribu. Kwa kawaida MAC ikihama mara 5 ndani ya sekunde 180 huhesabiwa kuwa imejirudia, na vifaa huacha kuitangaza. Acheni dakika 3 au zaidi kati ya majaribio, la sivyo mtatengeneza hitilafu mpya juu ya ile mnayoitafuta.