Mate yanaweza kutuambia nini kuhusu kansa ya mdomo

Haya jamani, mliosimama huko nyuma sogeeni, nafasi ipo. Leo tunaongelea maikro-RNA. Kila seli ina jeni zinazotoa amri protini gani itengenezwe, sasa maikro-RNA ni kijipande cha RNA, ile kemikali inayobeba ujumbe wa jeni, chenye herufi kama 22 tu, kinaidaka ile amri njiani na kuizima. Waliovigundua ni Victor Ambros na Gary Ruvkun, 1993, tena kwa mnyoo mdogo hata milimita mbili hafiki, miaka mingi watu wakaona ni mambo ya minyoo tu, mpaka 2024 wakapewa Nobel.

Kwenye kansa ya mdomo kuna moja inaitwa miR-21, mara nyingi inakuwa juu, na ikipanda inaibana protini ya PTEN ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisizaliane hovyo. Ila mimi inayonivutia zaidi ni miR-31. Watafiti wa Taiwan, kule wanakotafuna sana popoo, ile mbegu inayotiwa kwenye tambuu, waliipima kwenye mate ya wagonjwa wakaikuta juu, uvimbe ulipokatwa ikashuka. Yani ile miR-31 nyingi inaonekana ilitoka kwenye uvimbe wenyewe! Na mate yamejaa vimeng'enya vya kukatakata RNA, lakini hizi zinapona kwa sababu nyingine zimejificha ndani ya vifuko vidogo vya mafuta, nyingine zimeng'ang'ania protini.

Na sisi wa pwani hili linatuhusu kabisa, tambuu tunaijua, kuberi, ile tumbaku ya mdomoni, vijana wanabana kutwa, na popoo hata bila tumbaku inasababisha kansa, hilo limeshathibitishwa.

Sasa mbona hospitali hamna hicho kipimo? Kila maabara inapima kivyake, halafu sigara na ugonjwa wa fizi navyo vinavuruga namba, na miR-21 inapanda kwenye kansa kibao. Kwa hiyo mtu mwenye kidonda mdomoni kimepita wiki mbili hakijapona bado anakatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe, asisubiri mate.

Mimi naona kipimo hiki cha mate kitatufaa kwanza kwa wale wenye mabaka meupe mdomoni yasiyofutika, maana mengi hayageuki kansa na huwezi kumkata mtu kila akija kliniki, hapo akitema mate kwenye kichupa tukajua nani wa kukatwa tena na nani wa kumwacha, tutakuwa tumewapunguzia watu maumivu mengi sana. Haya, dada pale, uliza.