Mkono Ulio Kwenye Mfereji

Wanafunzi wapenzi, na walimu mlionialika, asanteni. Nimeombwa nizungumzie swali mnalobishania darasani: kipi bora, chombo cha habari cha biashara au kile kinachogharamiwa na umma? Nimefanya kazi pande zote mbili, kwa hiyo naanza na niliyoyaona.

Nikiwa mhariri katika kituo kimoja cha binafsi, mwandishi wetu alileta habari ya vibarua waliofutwa kazi bila kulipwa haki zao. Ilikuwa imekamilika: sauti zao, barua za kufutwa, hata jibu la kampuni. Saa kumi na moja jioni ofisa wa mauzo akaja na karatasi moja, akaiweka mezani pangu. Ratiba ya matangazo ya kampuni ile ile, miezi mitatu mbele. Hakusema neno. Habari haikutoka, nami nilinyamaza. Linaniuma hadi leo.

Mtasema, basi tukimbilie kwa umma. Ngojeni kwanza. Waulizeni wazazi wenu taarifa ya habari ya enzi za Moi ilivyokuwa ikianza. "Mtukufu Rais Daniel arap Moi leo…" Siku nenda siku rudi, mafuriko yawepo au yasiwepo. Tena kumbukeni tarehe 1 Agosti 1982: wanajeshi waasi waliiteka redio ya taifa, Sauti ya Kenya, na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Redio iliyozoea kusema kwa niaba ya watawala iligeuzwa msemaji wa watawala wapya asubuhi moja tu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 34, inasema vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua habari zake, visipendelee upande, vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Maneno mazuri. Lakini mwenyekiti wa bodi ya KBC, shirika la utangazaji la umma lililorithi Sauti ya Kenya, huteuliwa na Rais, na fedha za serikali hupitia bajeti ya kila mwaka. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa mhariri huuona hata akiwa usingizini.

Jambo ambalo hatulisemi vya kutosha ni kwamba mkono huo huo umefika hadi kwenye vituo vya binafsi. Serikali ni miongoni mwa wateja wao wakubwa kabisa wa matangazo, na huchelewa kulipa. Machi 2024 wizara ya habari iliandika barua kuagiza matangazo ya redio na televisheni ya taasisi za umma yapelekwe KBC pekee. Barua moja, na mishahara ya vyumba vya habari kadhaa ikatiliwa shaka! Na Januari 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipokuwa akijiapisha Uhuru Park, serikali ilizizima televisheni za binafsi Citizen, NTV na KTN. KBC iliendelea kurusha. Jiulizeni kwa nini hakuna aliyehitaji kuizima.

Kwa hiyo mimi siulizi sana nani mwenye chombo. Nauliza nani anaweza kufunga mfereji kesho asubuhi. Uingereza, BBC hulipwa na kaya zenyewe kwa ada ya kila mwaka; Aprili 2024 ilikuwa pauni 169.50. Lakini hata huko ni serikali inayoamua kiwango, na mwaka 2022 ilikizuia kisipande kwa miaka miwili.

Bado naitetea redio ya umma, kwa nguvu zote. Shule zilipofungwa Machi 2020, nilikuwa kijijini kwa dada yangu. Umeme hakuna. Mpwa wangu alianika betri juani juu ya bati, akazirudisha redioni, akakaa chini ya mwembe na daftari kufuata somo la KBC. Betri zilikufa katikati ya hesabu za sehemu. Hakuna mfanyabiashara atakayenunua tangazo ili amfikie mtoto yule. Hana cha kununua.

Ninachotaka ni hiki: Bunge liipe KBC fedha za miaka mitano kwa mkupuo mmoja, bodi yake isiteuliwe na Ikulu wala wizara, na matangazo ya serikali yagawanywe kwa vigezo vilivyochapishwa, kila shilingi ionekane imekwenda wapi. Hapo ofisa akiniwekea karatasi mezani, nitakuwa na la kumjibu. Na mbunge wenu yuko mjini wiki hii. Mwulizeni atapigaje kura.