Kushuka Ndiyo Ngoma: Kutoka Delhi hadi Nepal kwa Gari, na Familia Nzima Ndani

Ndugu zangu wa Afrika Mashariki, wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojipanga ukutani, karibuni. Sitawaeleza uzuri wa Nepal. Aliyekuja hapa leo ameshaziona picha za ziwa Phewa na theluji ya Annapurna, na watoto wake wamekwisha mmaliza kwa maswali. Nimeombwa nizungumzie njia: Delhi, Lucknow, Gorakhpur, mpaka wa Sunauli, kisha milimani hadi Pokhara au Kathmandu. Naanza na breki. Kila safari hii inapotajwa watu huuliza, "Gari letu litapanda?" Hakuna anayeuliza kama litashuka.

Gari lolote zima linapanda. Hata kigari cha injini ya lita 1.2 chenye watu watano kinapanda, polepole, kwa gia namba mbili, na malori yanakipisha au kinayapisha. Injini ikichemka unaweka pembeni, unafungua boneti, unangoja nusu saa bila kugusa kifuniko cha rejeta, unaendelea. Umepoteza muda tu. Kosa la kwenye mteremko halikupi nafasi ya kuweka pembeni.

Chukueni Tribhuvan Rajpath, barabara ya 1956 iliyokuwa ya kwanza kuwafikisha watu Kathmandu kwa gari kutoka uwanda wa kusini. Wengi mtapenda kurudi nayo kwa sababu hali ya hewa ikiwa safi, pale Daman Himalaya zote zimejipanga mbele yako. Sawa. Kilele chake, Simbhanjyang, kiko mita 2,488. Kutoka hapo unateremka hadi Hetauda, ambako hufiki hata mita 500. Sasa gari la familia lenye watu sita na mizigo juu ya paa, uzito wote tani mbili. Kwa kushuka mita 2,000, nguvu inayotakiwa kumezwa na gari hilo inatosha kuchemsha ndoo sita za maji, zile za lita 20, kutoka maji ya bomba hadi yatokote. Ndoo sita! Nguvu hiyo lazima iende mahali. Ama itamezwa na injini, ambayo ina rejeta na feni kwa kazi hiyo hiyo ya joto, ama itamezwa na vipande vinne vya chuma vilivyo nyuma ya rimu zako.

Kwa hiyo kanuni ni ileile wanayoijua madereva wa malori wa mlima Kitonga kule Tanzania: gia uliyopandia ndiyo unayoshukia. Unaiweka kabla ya mteremko kuanza, si katikati. Mkiwa na gari la gia za mkono (manual), kona kali ni gia ya pili, sehemu zilizonyooka kidogo ni ya tatu, wala si zaidi. Utajuaje umechagua sawa? Ondoa mguu kwenye mafuta na kwenye breki. Gari likibaki kwenye kilomita 30 au 40 kwa saa lenyewe, uko sawa. Likiendelea kukimbia hadi ukanyage breki kila baada ya sekunde chache, gia hiyo ni kubwa mno, shusha moja. Injini italia. Iache ilie, ndiyo kazi yake wakati huo. Ilimradi mshale wa mizunguko haujaingia kwenye wekundu, hakuna kinachoharibika.

Naona mkono pale. Ndiyo kaka, najua unachotaka kusema: gari lako ni otomatiki. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu wenye otomatiki huacha mkono kwenye D kutoka nyumbani hadi nyumbani. Angalia hapo kwenye gia. Utakuta L, au 2, au S, au M yenye alama za kujumlisha na kutoa. Hazikuwekwa kwa urembo, ni za kulishikia gari kwenye gia ndogo. Kabla ya kuondoka Delhi tafuta daraja lolote lenye mteremko, shuka nalo ukiwa kwenye D, kisha rudia ukiwa kwenye L au 2, usikie tofauti kwa mwili wako. Usijifunze jambo hilo Simbhanjyang.

Na kuna wanaoweka fri. Wanasema wanaokoa mafuta. Jamani, kwenye magari ya sasa ambayo mafuta yanaongozwa na kompyuta, ukishuka ukiwa ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta inayakata kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka fri, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Aliyeweka fri anatumia mafuta mengi zaidi na hana kinachomshika. Na anayezima injini kabisa kwenye mteremko amepoteza zaidi: usukani unakuwa mzito kama umefungwa, na breki inabakiwa na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu hivi, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Mteremko wa Salgaa, kule Kenya, umezika watu wa kutosha kwa mazoea haya. Hatuna sababu ya kuyapeleka Nepal.

Breki zinakufa kwa njia mbili, na mjue kuzitofautisha kwa mguu. Ya kwanza, pedi zimepata moto kupita kiasi. Unasikia harufu kali kama ya klachi iliyoungua, pedali ni ngumu kama kawaida, lakini gari halipungui mwendo. Ya pili ni mbaya zaidi: mafuta ya breki yenyewe yamechemka ndani ya bomba. Pedali inazama, laini, mpaka sakafuni. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kipimo chake kinashuka hadi 155. Yako yana miaka mingapi? Kama hujui, yabadilishwe yote, si kuongezewa juu, na hewa itolewe magurudumu yote manne. Fanya hivyo wiki moja kabla ya safari, si usiku wa kuamkia, ili kama fundi kaacha nati imelegea, ijulikane ukiwa bado mjini. Pedi zikiwa zimebaki chini ya milimita nne, weka mpya.

Pedali ikizama, pampu haraka haraka, shusha gia moja moja, vuta breki ya mkono kidogo kidogo huku umebonyeza kitufe ili usiifunge ghafla, na uegemee upande wa mlima, si wa bonde. Ukisimama, usimwage maji kwenye diski. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinapinda au kinapasuka. Usiache breki ya mkono imevutwa kwenye ngoma za moto. Acha gari ndani ya gia, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, kaa nusu saa au zaidi. Na unapoondoka, tafadhali, yatoe mawe barabarani. Mwenye pikipiki anayekuja usiku haoni jiwe lako.

Wengi wenu hamtaendesha wenyewe. Gari la kukodi la kujiendesha, lile la kibao cheusi chenye herufi za njano, mikataba yake mingi inakataza kulitoa India, kwa hiyo mtakodi gari na dereva. Vizuri. Lakini msidhani mambo haya ya breki hayawahusu. Mambo matatu yasemwe kabla ya safari, mbele ya mwenye gari: hatuendeshi usiku, tunashuka kwa gia ndogo, na dereva analala kitandani, si kwenye kiti cha gari. Chumba chake mkilipie. Dereva aliyelala akiwa amekunjana siku tatu ndiye mtakayemkabidhi watoto siku ya nne.

Kuhusu usiku, sisi watu wa karibu na Ikweta tuna tatizo letu. Tumezoea jua linazama saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, tunapanga safari kwa hesabu hiyo bila hata kufikiri. Nepal mwezi wa Novemba, ambao ndio mwezi mzuri, jua linazama saa kumi na moja na dakika chache. Mkiwa ndani ya bonde la Trishuli kivuli cha mlima kinawafunika mapema zaidi. Aliyepanga kufika Kathmandu "saa kumi na mbili, bado mwanga" ataimaliza Nagdhunga, mlima wa kuingilia Kathmandu, gizani, katikati ya malori. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, na saa tisa mchana gari liwe limeegeshwa.

Na hesabuni saa, msihesabu kilomita. Delhi hadi Lucknow ni zaidi ya kilomita 500, na kwa barabara za kasi za Yamuna na Agra–Lucknow ni kazi ya siku moja bila taabu. Angalieni tu umri wa tairi, maana lami ya moto na mwendo mrefu hupasua tairi kuukuu: tarakimu nne za mwisho ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lakini Mugling hadi Kathmandu ni kilomita 110 tu, na inaweza kula saa tano. Butwal hadi Narayangadh ni tambarare karibu yote, kilomita 115 hivi, ila imekuwa kwenye upanuzi miaka mingi, vumbi na mashimo. Mimi ningegawa hivi: Lucknow, Gorakhpur, kuvuka mpaka asubuhi na kulala Lumbini, alikozaliwa Buddha, ili watoto wapumzike kwenye bustani, kisha Sauraha, kwenye mbuga ya Chitwan, ndipo milima. Mnasema ni siku nyingi. Ni siku nyingi, ndiyo. Asiye nazo apande ndege.

Sasa mpaka, na hapa nawaomba kalamu. Mhindi na Mnepali wanavuka Sunauli bila viza wala pasipoti. Kwa sababu hiyo barabara iko wazi, riksho na baiskeli zinapita, hakuna anayekusimamisha. Ofisi ya uhamiaji ya India ni ndogo, iko pembeni mwa mtaa wa maduka, na dereva wako, ambaye mwenyewe haihitaji, ataipita. Utajikuta Nepal bila muhuri wa kutoka India. Ofisa wa Belahiya, kituo cha upande wa Nepal, akiliona hilo atakurudisha, na asipoliona, utakuja kulijibu siku ya kurudi. Simamisheni gari kabla ya lango, kila mtu ashuke na pasipoti yake, watoto pia.

Viza ya Nepal, wenye pasipoti za Tanzania, Kenya na Uganda wanaipata palepale mpakani: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, taslimu, noti safi, na picha. Watoto chini ya miaka 10 hawalipi. Ndugu zetu wenye pasipoti ya Somalia, nyinyi mnaomba ubalozini kabla ya safari, msifike Belahiya mikono mitupu. Lakini shida kubwa ni viza ya India. Kama yako ni ya kuingia mara moja, ukitoka umetoka. Na viza ya mtandaoni, hata ile ya kuingia mara nyingi, ilitungwa kwa ajili ya viwanja vya ndege na baadhi ya bandari. Kutoka nayo kwa barabara ni jambo moja, kurudi nayo kwa barabara ni jambo jingine kabisa. Orodha ya vituo vya kuingilia hurekebishwa. Isomeni kwenye tovuti ya serikali ya India wiki ileile ya safari. Kama kituo chenu hakimo, familia irudi kwa ndege kutoka Kathmandu na gari lirudi na dereva. "Lakini fulani alipita." Fulani hatakuwepo pale dirishani kukutetea.

Gari nalo linalipiwa ada ya siku kwenye forodha, wenyewe wanaiita bhansar. Lipieni siku mbili za ziada, kwa sababu barabara ikifungwa mlimani hamtaweza kurudi kwa tarehe. Na bima ya India haivuki mpaka yenyewe, inaongezewa nchi kwa maandishi. Ombeni karatasi hiyo.

Muda naona unanikimbiza, kwa hiyo haya mengine nayapita. Msiende Juni hadi Septemba. Alfajiri ya tarehe 12 Julai 2024 poromoko la ardhi lilisukuma mabasi mawili hadi mtoni Trishuli pale Simaltal, kwenye barabara hiyohiyo ya Narayangadh–Mugling mtakayopita. Mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo, pale Jhyaple Khola karibu na Kathmandu, magari yaliyokwama kwenye foleni yalifukiwa yakiwa yamesimama, wakafa watu zaidi ya 30. Kwa hiyo barabara ikifungwa msijipange tu nyuma ya gari la mbele. Tazameni juu. Kama kuna ukuta wa udongo uliochimbwa, geuzeni mrudi hadi kijiji kilichopita. Desemba na Januari uwanda una ukungu mzito hadi saa nne au tano asubuhi, msiondoke mapema siku hizo.

Watoto wanaotapika: biskuti kavu, simu ziwekwe mbali, waangalie mbele, simama kila baada ya saa moja na nusu. Dawa ya kichefuchefu muulizeni mfamasia kwa uzito wa mtoto, msigawane kidonge cha mama.

Mama aliyeuliza kuhusu kwenda hekalu la Muktinath, huko juu milimani: Kathmandu na Pokhara si juu kiasi cha kuumiza mtu. Muktinath imepita mita 3,700. Laleni Jomsom, mita 2,700, kwanza, pandeni mchana, shukeni jioni ileile. Mtoto mdogo hawezi kusema kichwa kinamuuma. Akikataa kula na akilia bila sababu huko juu, ni wa kushushwa saa hiyohiyo.

Waliokuja na pasipoti, leteni hapa mezani tufungue ukurasa wa viza mmoja mmoja. Waliokuja na magari, twendeni nje baada ya hapo, mnionyeshe chupa ya mafuta ya breki.