Saa Moja ya Walimu Kabla ya Kengele

NEEMA: Karibuni tena wapenzi wasikilizaji. Mimi Mwalimu Neema, wa baiolojia.

SALUM: Na mimi Salum, hesabu na fizikia. Leo da Neema kaja na shule ya Marekani, na tangu tukiwa kwenye daladala hajanipumzisha.

NEEMA: Sikupumzishi kwa sababu kila tukiizungumzia shule ile watu husifia madarasa ya vioo, roboti, kazi za wanafunzi zilizotundikwa mpaka darini. Walimu wenyewe hawatajwi. Inaitwa High Tech High, iko San Diego, California. Ilifunguliwa mwaka 2000 kwenye majengo yaliyokuwa kituo cha mafunzo cha jeshi la majini.

SALUM: Msikilizaji atauliza, ni shule ya binafsi?

NEEMA: Hapana. Ni shule ya mkataba, Wamarekani wanaziita "chata". Fedha ni za umma, ada hakuna, ila inaendeshwa na bodi yake kwa mkataba, siyo na ofisi ya elimu ya wilaya. Sheria ya kwanza ya shule hizo ilipitishwa Minnesota mwaka 1991, na California ikafuata mwaka 1992. Pale San Diego watoto wanaingia kwa bahati nasibu inayozingatia eneo mtoto anakotoka, ili shule isijae watoto wa mtaa mmoja wenye uwezo. Wakishaingia, hakuna mkondo wa vipanga na mkondo wa wengine.

SALUM: Hapo ndipo penye mzizi, naona. Mkuu wao wa kwanza, Larry Rosenstock, alianza kama mwalimu wa useremala.

NEEMA: Useremala! Na alisomea sheria. Alifundisha vijana kazi ya mbao kule Massachusetts, akaona wanafunzi wake wanavyohesabiwa kuwa wa mikono tu, kana kwamba anayepima pembe ya paa hafanyi hesabu. Familia ya Jacobs, ile ya Qualcomm, kampuni ya teknolojia ya simu, na wafanyabiashara wengine wa San Diego walikuwa wanatafuta vijana wenye ujuzi wa teknolojia. Yeye akawajengea shule ambayo kichwa na mikono havitengani.

SALUM: Na sisi tuliosoma shule za ufundi tunajua tulivyoitwa.

NEEMA: Tunajua. Sasa nifike kwenye lililonileta. Walimu wa shule ile wanakutana asubuhi kabla wanafunzi hawajaingia. Na si kikao cha matangazo, fulani zamu, fulani hajaleta maksi. Mwalimu analeta mradi, yaani kazi ya vitendo anayotaka kuwapa wanafunzi wajifunzie, anaueleza. Wenzake wanauliza maswali ya kuelewa. Halafu, kaka Salum, mwenye mradi ananyamaza.

SALUM: Ananyamaza vipi?

NEEMA: Anakaa na daftari lake, anaandika. Wenzake wanaujadili mradi mbele yake kana kwamba hayupo. Haruhusiwi kujitetea. Wakimaliza ndipo anasema amechukua lipi. Na wenzake nao wana masharti: useme kwa upole, uguse jambo mahususi, na ulichosema kimsaidie mtu. "Kazi nzuri sana mwalimu" haihesabiki.

SALUM: Mimi miaka kumi na mbili darasani, andalio langu la somo limesomwa na wakaguzi tu. Na walichokagua ni kama tarehe ipo.

NEEMA: Ndiyo uchungu wangu. Shule niliyoanzia kazi, sitaitaja, tulikaa walimu tisa kwenye ofisi moja, meza zimegusana, madaftari yamejaa mpaka huoni uso wa mwenzio. Miaka mitatu sikujua jirani yangu wa jiografia anafundisha nini. Naye alikuwa mwalimu hodari kweli! Nilikuja kusikia kwa wanafunzi, yeye ameshahama.

SALUM: Pole, mwalimu. Na hao wa San Diego masomo wanayaunganisha?

NEEMA: Walimu wawili, watatu, wanashika kundi lile lile la wanafunzi, kwa hiyo wa sayansi na wa lugha wanapanga pamoja. Na pale kuna desturi kwamba kabla hujawapa wanafunzi mradi, uufanye wewe mwenyewe mpaka mwisho. Gundi isiposhika, uijue wewe kwanza. Nikupe mfano unaotugusa. Mwalimu wao wa baiolojia, Jay Vavra, na wenzake waliwaongoza wanafunzi kuandika kitabu cha viumbe na mazingira ya ghuba ya San Diego. Kikachapishwa, dibaji ameandika Jane Goodall.

SALUM: Yule mtafiti wa sokwe wa Gombe? Wa Kigoma yetu?

NEEMA: Huyo huyo. Baadaye wanafunzi wa Vavra wakajifunza kutambua nyamapori kwa vinasaba: kipande cha nyama kisicho na ngozi wala pembe, useme ni cha mnyama gani. Wakaja mpaka Tanzania, wakafika chuo cha wanyamapori cha Mweka, pale chini ya Kilimanjaro, kuonyesha njia hiyo. Watoto wa sekondari, Salum.

SALUM: Inasisimua. Lakini mzigo wa mwalimu je? Mradi, mikutano ya alfajiri...

NEEMA: Ni mzigo, na tusiufiche. Tena kila mwalimu ni mlezi wa kikundi kidogo cha wanafunzi, na anatembelea nyumba zao. Kwa miaka mingi ajira ilikuwa ya mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mwaka 2021 wakaunda chama chao cha wafanyakazi. Mimi nawaunga mkono, mtu hawezi kupanga mradi wa miaka miwili huku hajui kama mwaka ujao wa shule atakuwepo.

SALUM: Kweli kabisa.

NEEMA: Ila hata kuwaandaa walimu wamelibeba wenyewe. Mwaka 2004 California iliwaruhusu kutoa vyeti vya ualimu humo humo shuleni, na mwaka 2007 wakafungua chuo cha uzamili cha elimu. Mwalimu mpya anafunzwa jengo lile lile analofundishia.

SALUM: Sisi hatuna vioo wala Qualcomm.

NEEMA: Vioo sivitaki. Nataka dakika arobaini, Ijumaa, kabla ya paredi, walimu wanne na benchi.

SALUM: Basi tuanze. Nina mradi hapa wa kidato cha pili, kupima maji yanayopotea kwenye bomba la shule. Nilitaka wapime kwa wiki mbili, halafu wachore grafu, halafu...

NEEMA: Na wewe umeshapima?

SALUM: Bado.

NEEMA: Lete hiyo karatasi. Chukua kalamu, kaa pale, unyamaze. Naanza kusoma.